Landless, Majina Yalikohamia

Kondakta aligonga bati la matatu mara mbili akaita, "Roysambu! Wa Zimma mshuke hapa!" Mama aliyeketi kando yangu akajinyanyua, akashika kikapu chake, akashuka. Namba 237 ikarudi barabarani kuelekea Thika. Nimesikia Zimma ikiitwa hivyo tangu nikiwa mdogo, na ilinichukua miaka mingi kujiuliza huyo ni nani. Ni Paul Zimmermann, Mjerumani aliyekuwa na karakana ya kuhifadhi ngozi na vichwa vya wanyama wa porini nje kidogo ya Nairobi. Wawindaji walimletea simba na nyati waliouawa, naye akawarudishia wakiwa wamesimama kama wako hai. Karakana haipo tena. Jina lilibaki, mtaa ukajengwa juu yake, likadondosha n moja ya mwisho, halafu midomo ya makondakta ikalikata nusu.

Kwa Kijerumani, Zimmermann ni seremala. Jina hili lilivuka Atlantiki zamani. Mwaka 1683 familia 13 kutoka mji wa Krefeld zilianzisha Germantown, karibu na Philadelphia, na baada yao wakaja maelfu, wengi wao wakulima waliobanwa na vita na uhaba wa ardhi kando ya mto Rhine. Asiye na nauli aliuza miaka yake ya kazi kwa yeyote ambaye angemlipia meli. Kuanzia 1727 serikali ya Pennsylvania iliwataka wanaume hao wageni waape utii na kuandikishwa. Nahodha alikuwa na orodha yake, iliyoandikwa kwa sikio la Kiingereza. Wenyewe nao walitia sahihi kwa mkono wao, na asiyejua kuandika akaweka alama. Mtu mmoja akawa na majina mawili siku hiyohiyo aliyoshuka melini. Müller akawa Miller, Schmidt akawa Smith, akina Zimmermann wengine wakawa Carpenter, seremala yuleyule aliyebadilishiwa lugha. Wajukuu wao mpaka leo hukaa na orodha hizo wakilinganisha herufi moja moja.

Nami nilikuwa nikienda kufanya kazi kama yao, ila wangu niliokuwa nikiwatafuta wako Landless.

Barabara ya Thika tangu ilipofunguliwa ikiwa pana mwaka 2012 inakufikisha upesi. Githurai inapita, Ruiru inapita. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa, na kituo chake cha utafiti ndicho kilichowapa wakulima aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Leo mashamba mengi yameota maghorofa, lakini ukiuliza wenyeji wakongwe watakuambia wazazi wao walikuja kuchuma, wakalala kwenye kambi za vibarua, na watoto wakakua wakiitana kwa majina ya lugha tatu au nne. Halafu Juja, halafu daraja, halafu Thika yenyewe, mji uliofikiwa na reli mwaka 1913 na ambao haujaacha kupokea watu tangu siku hiyo. Pale stendi nikabadili gari, nikachukua la Makongeni na kuendelea kwa njia ya Garissa. Njia hii ukiifuata bila kugeuka itakufikisha Matuu, Mwingi, na mwisho Garissa. Babu yangu mzaa mama aliijia kutoka upande ule wa pili, kwa miguu.

Landless ni neno la Kiingereza, maana yake asiye na ardhi. Nimewahi kusikia wageni wakilitamka kwa huruma, kana kwamba wanaitaja hospitali. Wenyeji hawalitamki hivyo. "Naenda Landless," anasema mwanafunzi akipanda bodaboda, kama mwingine angesema naenda Nyeri. Ni mtaa wa nyumba za mawe ya kuchonga, mabati yanayong'aa, ploti ndogo zilizozungushiwa ua wa michongoma au ukuta, na katikati ya ploti hizo migomba miwili, mparachichi, sukuma wiki kwenye magunia, ng'ombe mmoja anayejulikana na mtaa mzima. Ukisimama mahali penye mwinuko asubuhi, Kilimambogo iko mbele yako, mita 2,145 za mlima unaosimama peke yake, wingu limeukalia kilele. Upepo unatoka huko. Jioni moshi wa mutura unapanda kwenye kila kona na harufu yake inakuongoza hadi kwa muuzaji kabla hujamwona. Mimi nimetembea miji mingi ya nchi hii na sijaona mahali watu wanasalimiana kwa urefu kama hapa: hujambo ya Landless inauliza watoto, inauliza mgonjwa, inauliza mvua imenyesha hadi wapi, ndipo ikuache uende.

Nilikuja kwa sababu ya jina langu. Baba yangu ni Mkikuyu wa Murang'a. Mimi ni mwanawe wa pili, na kwa desturi mwana wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Babu huyo alikuwa Mkamba. Jina lake ni lile lenye maana ya aliyerudi, ambalo ofisi moja huliandika Musyoka, nyingine Musioka, na kwa sura nyingine ya neno hilohilo linakuwa Nzioka. Basi mimi nimekua na jina la Kikamba katika nyumba ya Kikikuyu, na kila ninapojitambulisha naulizwa, "Kumbe wewe ni Mkamba?" Mama yangu haniiti kwa jina hilo kamwe. Ananiita baba. Nikiwa mtoto niliona ni mapenzi tu. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba alikuwa anamwita babake kweli.

Babu alitoka upande wa Matuu kuja kufanya kazi katika shamba la mkonge karibu na Thika. Huko akakutana na bibi yangu, binti wa Kikikuyu ambaye wazazi wake hawakuwa na shamba. Walipozeeka walihamia Landless, wakajenga chumba kimoja, wakaongeza cha pili. Aliyerudi hakurudi Matuu hata mara moja. Alizikwa bila sisi wajukuu kujua jina la baba yake, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani siku ile.

Nyumba ya jirani yao ina mzee wa miaka mingi, fundi mstaafu wa kiwandani, mwenye kumbukumbu kali kama kisu kipya. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda chini ya mparachichi.

"Guka, nimekuja kuuliza habari za mzee wa nyumba ile."

"Kwanza niambie wewe ni nani."

Nikamwambia. Hakuuliza kama mimi ni Mkamba. Alitikisa kichwa polepole akasema, "Basi wewe ndiye yeye. Keti."

Alinieleza kwa saa mbili, na mengi niliyaandika. Mtu aliyefukuzwa shambani, alisema, hawezi kuonyesha mti wa babu yake. Aliyebaki kwenye githaka, ardhi ya ukoo, anakuonyesha mpaka, anakuonyesha mti wa mugumo, anakuonyesha mahali zizi lilipokuwa, na nasaba iko pale ardhini. "Sisi tulibeba kwa watoto." Mwana wa kwanza ni babake baba, wa pili ni babake mama. Binti wa kwanza ni mamake baba, wa pili ni mamake mama. Wanaofuata ni ndugu za wazazi, kwa zamu, upande huu na upande ule. Ukijua mpangilio huo, ukampata mtoto mmoja na mahali alipozaliwa katika safu ya ndugu zake, umepata watu wawili au watatu waliokufa kabla hajazaliwa. Majina yanaruka kizazi kimoja na kutua kwenye kinachofuata: Kamau wa Njoroge wa Kamau wa Njoroge, kama ngazi.

Anayetaka kuuona mpangilio huo ukifanya kazi, mzee alisema, asiende mbali. Gatundu iko mwendo mfupi kutoka Thika, na familia inayojulikana kuliko zote nchini ilitoka huko. Jomo Kenyatta alizaliwa akaitwa Kamau, mwana wa Muigai. Muigai alipofariki, Wambui mjane wake akarithiwa na Ngengi, ndugu wa marehemu, na mtoto akajulikana kama Kamau wa Ngengi. Mwaka 1914 alibatizwa Thogoto kwa jina la Johnstone. Baadaye akachukua Kenyatta, jina linalohusishwa na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa, na mwisho Jomo. Mtafuta nasaba anayeongozwa na jina la mwisho peke yake atakwama mara moja, kwa sababu Kenyatta hakuwa baba wala babu wa mtu yeyote kabla yake. Ila tazama watoto. Mkewe Grace Wahu alizaa Peter Muigai na Margaret Wambui, yule aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Mama Ngina, mkewe mwingine, naye akazaa Christine Wambui, Uhuru Muigai, Anna Nyokabi na Muhoho. Kila nyumba ilianza kuhesabu upya, na kila moja ikawarudisha Muigai na Wambui, wazazi wa Jomo. Muhoho ndiye Chifu Muhoho, babake Mama Ngina, na Nyokabi ndiye mkewe chifu. Kizazi kilichofuata, Uhuru akawa na Jomo na Ngina. Mtu mmoja alipitia majina manne, na bado kina mama wawili wakawataja wazee wake bila kukosea.

Na hapo kwenye Nyokabi mzee alitua kidogo. Wakikuyu wa zamani waliwaita Wamaasai Ukabi, na Nyokabi ni binti wa huko. Popote jina hilo linapoonekana, mahali fulani nyuma alikuja mwanamke Mmaasai, kwa ndoa, kwa njaa au kwa vita, na jina lake limekuwa likizaliwa upya tangu hapo. Kwa Wakamba majina mengi hutaja saa na hali: Kioko alizaliwa asubuhi, Mutuku usiku, Wambua wakati wa mvua, Makau wakati wa vita. Wengine wanabeba kazi, na hapa nilimkumbuka yule seremala wa Zimma. Muturi ni mhunzi, ambaye kwa Wajerumani ni Schmidt. Muriithi ni mchungaji wa mifugo, kwao Schäfer. Githinji ni mchinjaji, kwao Metzger. Muchiri ni mtu wa kuamua kesi, kwao Richter. Ukoo wa Muturi na ukoo wa Schmidt hazijawahi kukutana, na mwanzo wa kila mmoja ni mtu mwenye nyundo ambaye kijiji kilimhitaji.

Juu ya majina kuna koo zenyewe, zilizotokana na mabinti wa Gikuyu na Mumbi, ambao huhesabiwa tisa kamili, yaani kumi bila kuwataja kumi. Wanjiru alizaa Anjiru, Wambui akazaa Ambui, Wanjiku akazaa Agaciku. Huko nyumbani ukoo hujulikana tu, hauulizwi. Landless unaulizwa. Mzee aliniambia kuwa mwaka aliohamia alikuwa mgeni kabisa, hana ndugu, hadi mwanamke mmoja muuza maziwa alipomuuliza yeye ni wa ukoo gani. Walikuwa wa ukoo mmoja. Tangu siku hiyo akawa na dada, na watoto wa mwanamke huyo ndio waliobeba jeneza la mkewe.

Nilimuuliza kwa nini basi majina yameharibika kwenye karatasi. Akanyoosha kidole shingoni kwake, mahali kipande kilipokuwa kikining'inia. Sheria ya kipande ilitungwa 1915 na ikaanza kushika baada ya Vita vya Kwanza: kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alipaswa kuandikishwa, alama za vidole zichukuliwe, karatasi itiwe ndani ya kikebe cha chuma na aivae kama kengele ya mbuzi. Karani aliuliza jina lako na la baba yako, akaandika alichosikia. Karani Mkikuyu hakuwa na sauti ya Kikamba mdomoni mwake, wa Kizungu hakuwa na sauti yoyote ya hapa. Ndugu wawili wa tumbo moja walitoka kwenye mstari mmoja na majina mawili. Neno dogo "wa", lililokuwa likimfunga mtoto kwa baba, likaachwa kwa kuwa halikuwa na nafasi. Hata cheti changu cha kuzaliwa kina herufi ambayo babu yangu hangeitambua. Niliwahi kumkasirikia karani aliyeiandika. Siku ile chini ya mparachichi nilimfikiria yule nahodha wa Philadelphia, na foleni ndefu nyuma ya kila jina.

Karatasi nazo zina faida yake, na anayetafuta watu wake asizidharau. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Carter ilipozunguka Kenya kuanzia 1932, na kutoa ripoti 1934, koo za Kikuyu zilifika mbele yake zikitaja mababu mmoja mmoja: nani alifyeka msitu, nani alinunua kwa mbuzi wangapi kutoka kwa wawindaji Waathi, nani alimrithi. Walitaja nasaba ili wadai mashamba. Mashamba mengi hayakurudi, lakini majina yalichapishwa, na leo yanasomeka. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko katikati ya Nairobi, mlango wake uko wazi kwa raia. Madaftari ya ubatizo ya misheni kongwe yanaweza kukupa mwaka na jina la mdhamini. Ila hakuna daftari litakalokuambia kwa nini mjukuu wa Murang'a anaitwa kwa Kikamba. Hilo utaliuliza kwa mtu.

Ngugi wa Thiong'o aliuliza. Katika kitabu cha kumbukumbu zake za utotoni, kilichotoka 2010, anasimulia kuwa babu yake alikuwa mtoto Mmaasai aliyejikuta katika boma la Wakikuyu huko Murang'a, bila lugha. Maneno aliyoyatamka yalisikika kama tucu, basi wakamwita Nducu. Huo ndio mwanzo wa ukoo wake: sauti ya mtoto mpotevu kama ilivyosikika kwa majirani. Baba yake mwenyewe, Thiong'o, aliishia kuwa mtu asiye na shamba lake. Ngugi aliliacha jina la James na kurudisha lile "wa" ambalo makarani walilitupa, akalibeba hadi Marekani, ambako aliishi miaka mingi na kufariki Mei 2025. Nchi ile iliyombadilisha Zimmermann kuwa Carpenter ililazimika kujifunza kutamka "wa".

Habari za Landless kuwa Landless nilizipata mwisho, wakati chai inamiminwa. Baada ya nchi kupata uhuru masetla wengi waliuza, na watu wa Thika na Ruiru wakaunganisha senti kwenye kampuni za kununua mashamba, ploti zikagawanywa kwa kuokota namba. Wengine hawakuwa hata na senti za hisa moja. "Tulikuwa hatuna, tukaitwa hivyo," mzee alisema. "Watoto wetu walipopata hatimiliki tulikuwa tumeshalizoea." Nikamuuliza kama wamewahi kufikiria kulibadilisha. Alinitazama kama nimemwambia abadilishe jina la mtoto aliyeshakua. Kisha akanipa nilichokuja kutafuta: jina la baba yake babu yangu. Babu alikuwa amelitaja kwake mara moja, usiku mmoja wa lindo kiwandani, na yeye akalihifadhi miaka hamsini, asijue kama atakuja mtu wa kumpa.

Sitaliandika hapa. Nilimpigia mama simu nikampa yeye kwanza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Asante, baba."

Jioni nilipanda tena pale penye mwinuko. Jua lilikuwa likiichoma Kilimambogo kwa rangi ya chungwa. Kwenye mteremko wake amelala William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa St. Louis, Marekani, mwenye shamba la Juja ambako Theodore Roosevelt alifikia mwaka 1909. Alikufa 1925. Amezikwa na mkewe Lucie, na kando yao yuko Louise Decker, aliyewatumikia. Decker, kwa Wajerumani, ni mwezekaji wa paa. Nililitazama giza likiupanda mlima, nikiwaza ni nani huko Marekani anayemtafuta Louise katika orodha zake bila kujua kwamba yuko hapa, mbele ya Landless, mahali penye upepo mzuri.

Nikishuka kuelekea steji nilisikia vigelegele kwenye ploti moja. Wanawake walikuwa wamekuja kuona mtoto, wamebeba njahi, unga wa uji na sukari. Walinivuta ndani kwa nguvu, mgeni hapitwi. Shosho mmoja mwembamba alikuwa amempakata mtoto wa wiki moja, binti wa kwanza wa mwanawe wa kiume, kwa hiyo alikuwa amejipakata mwenyewe, na uso wake ulijua hivyo. Aliona daftari langu mkononi.

"Wewe ni wa kuandika?"

"Ndiyo, cucu."

"Basi andika jina lake. Yule wa zahanati alikosea langu."

Akalitamka polepole, mara tatu, akisubiri kalamu. Nikaandika, nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho. Akanisahihisha sauti moja katikati. Nikafuta, nikaandika tena, nikamsomea.

"Hapo sasa," akasema, akamgeuza mtoto anitazame.